Mimea ya Shangazi Kizimbani

Ndugu msomaji, ukiliona neno "kizimbani" usidhani nakupeleka Kizimbani ya shamba, kule kwenye karafuu na vanila wanakopelekwa watalii kunusa majani. Kizimba ninachokisema ni kile cha mahakama, anachosimamishwa mshitakiwa. Na washitakiwa wenyewe si watu. Ni mimea 11, imo vyunguni, ndani ya chumba cha ghorofa ya pili cha nyumba yetu, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Shitaka lao ni kwamba wanatia unyevu nyumbani. Ndivyo alivyosema ami yangu Ijumaa moja baada ya chakula, kidole kakielekeza juu. "Chumba cha dada kinaoza kwa maua yake. Maua ni maji, maji ni unyevu, na unyevu ndio unaoangusha nyumba. Toeni maua, tupige simenti, tumtie mpangaji." Alisema mara moja tu. Lakini ami akisema jambo mara moja, ujue keshamwambia fundi.

Niseme mapema kwamba mie si hakimu wa kesi hii. Mie ni wakili wa washitakiwa, tena wakili asiyelipwa. Nina miaka 24, nimemaliza Kidato cha Nne, asubuhi nauza katika duka la vitambaa la jamaa yetu na usiku naandika riwaya. Riwaya imefika daftari la tatu na bwana harusi bado hajawasili kutoka Tanga. Naiandikia humo humo chumbani mwa shangazi, katikati ya vyungu, kwa kuwa ndimo mahali pekee katika nyumba nzima ambapo hakuna televisheni. Kwa hiyo nina maslahi yangu, nisijitie usafi. Chumba kikipangishwa, riwaya itahamia jikoni na jikoni hakuandikiki.

Nyumba ni ya mirathi. Anayezijua nyumba za mirathi za Mji Mkongwe haombi maelezo, na asiyezijua namwambia kwa ufupi: babu kafa, watoto sita, vyumba tisa, na kila mmoja ana chake pamoja na hoja juu ya cha mwenziwe. Shangazi alipata chumba chenye madirisha mawili ya kuelekea baharini, ingawa bahari yenyewe huioni, unaisikia harufu tu. Mwaka 2017 akaenda Maskati kukaa na binti yake. Akaniachia ufunguo na vyungu. Kila Jumapili hupiga simu, na nikishamwamkia shikamoo huitikia kwa pumzi moja: "Marahaba mwanangu, wanangu hawajambo?" Wanawe ni mimea.

Nilipomweleza maneno ya ami alinyamaza kwanza. Shangazi kunyamaza kwenye simu anayoilipia yeye si jambo dogo. Kisha akasema: "Wakishatoa vyungu watatoa kitanda. Wakishatoa kitanda, siku nitakayokuja nitapokelewa ukumbini kama mgeni, niulizwe nitakaa siku ngapi."

Basi hapo nikajua kwamba kesi si ya maua.

Lakini na ami tusimwonee. Hofu yake si ya bure. Mtu anayeishi katika mji huu ameyaona majumba yakienda chini moja baada ya jingine, na sote tunakumbuka Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini, watu wawili wakafa. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizuii ukuta kulowa. Siku ile ami alirudi nyumbani akapanda ngazi taratibu akipapasa kuta kwa kiganja, kama daktari. Tangu hapo hakuna doa la maji asilolijua. Ugomvi wangu naye ni mmoja tu: doa kaliona kweli, aliyelileta kamkosea.

Sasa nikutajie washitakiwa. Mishubiri minne, ile ile ya kupaka titi mama anapotaka kumwachisha mtoto ziwa, ndiyo tukapata usemi wa chungu kama shubiri. Mawaridi ya jangwa mawili, yale yenye shina limevimba chini kama mtungi na maua mekundu. Mpungate mmoja wenye miiba, hauna adabu, hauchagui mgeni. Mmoja wa majani marefu yaliyosimama kama mapanga yenye mabaka. Huu wataalamu walikuwa wakiuita Sansevieria, siku hizi wamezihamisha Sansevieria zote katika ukoo wa Dracaena. Kumbe hata mimea ina kesi za mirathi.

Na mitatu iliyobaki ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu ya jina lake. Huko duniani, madukani, unaitwa Zanzibar Gem, yaani kito cha Zanzibar. Kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Una majani mazito yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta ya nazi, yamejipanga huku na huku kwenye kikonyo kinene, na chini ya udongo una viazi vya kuwekea maji. Mwaka 1829 wafanyabiashara wa mimea wa London, kina Loddiges, waliuandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya kitaalamu, na jina hili la sasa likakamilishwa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1905. Hilo "culcas" lililo katikati ya jina chanzo chake ni neno la Kiarabu la jimbi. Nalo ni kweli kabisa, mmea huu na majimbi tunayopika kwa tui ni jamaa wa ukoo mmoja! Ila jimbi anapenda kusimama na miguu majini, na nduguye huyu ukimweka majini anaoza. Watoto wa baba mmoja, hawafanani.

Kwao kwa asili ni pwani na bara ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini, na Unguja ikiwemo. Kwa miaka zaidi ya 150 hakuna aliyeujali sana. Kisha kiasi cha mwaka 1996 Waholanzi wakaanza kuuzalisha kwa wingi katika mabanda yao ya vioo, ukaenea maofisini dunia nzima. Wachina wanauita mti wa fedha. Mtunza bustani wa hoteli moja hapa mjini kaniambia kwamba hoteli yao iliagiza mimea hii kutoka Ulaya, ikaja kwa ndege, kila mmoja na kibandiko chake cha "Zanzibar". Nikamuuliza ilipofika ilisalimiana na nani. Akacheka, akasema haikukaa sana, ilikufa. Wameitia katika vyungu vya kung'aa visivyo tundu, na kila asubuhi kijana anapita na chupa ya kupulizia maji.

Hilo la kupulizia maji nalijua lilikotoka. Shangazi ana kijitabu cha Kiingereza cha mimea ya ndani, kina picha nzuri, na humo wanashauri kwamba mimea ya nyumbani inyunyiziwe maji majanini au iwekewe sahani ya kokoto zenye maji chini ya chungu, ili ipate unyevu wa hewa. Mwandishi hakosei. Yeye yuko katika nchi ya baridi, nyumba imefungwa miezi mitano, hita inawaka usiku kucha na hewa ya ndani imekauka mpaka midomo inapasuka. Shangazi mwenyewe ananiambia kule Maskati, katika chumba chenye kiyoyozi kutwa kucha, mshubiri wake mmoja umekunjamana kama mkono wa ajuza. Lakini wewe uliyeko Kiponda ukafuate ushauri huo? Ni sawa na kumpa mvuvi maji ya kunawa akiwa baharini.

Kwetu hewa yenyewe ni chai. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, kanga ulizozikunja kabatini zinavunda, ngozi ya viatu inaota kuvu la kijani, kiberiti hakishiki, na biskuti unazozifungua mchana usiku zinakuwa ulimi. Likija kusi mwezi wa Juni hewa inapoa kidogo na kufuta jasho. Kisha demani, siku nzuri, kisha vuli, kisha kaskazi na fukuto lake la Januari, ambapo mtu anaoga akitoka anahitaji kuoga. Mji wetu kwa mwaka unapata mvua ya kiasi cha milimita 1,600. Mshubiri uliozoea ukame utaufundisha nini kuhusu haya?

Kumbe unajua zaidi yetu. Hapa naomba dakika mbili za baiolojia, nayo ndiyo hoja yangu ya kwanza mahakamani.

Mimea mingi, kama mwembe au mchicha, hufungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa, na vitundu vikiwa wazi maji hutoka kwa mvuke. Kwa hiyo mwembe kweli ni pampu ya maji. Mimea ya aina ya shubiri imegeuza saa. Inafunga vitundu mchana jua likiwa kali na kuvifungua usiku, inavuta hewa gizani, inaiweka akiba kwa namna ya asidi, asubuhi inafunga mlango na kuitumia. Mapema karne ya 19 bwana mmoja aitwaye Benjamin Heyne, aliyekuwa India, alionja jani la mmea wa namna hii asubuhi akaliona kali kama ndimu, akalionja adhuhuri likawa halina ladha. Hata hiki kito chetu cha Zanzibar, mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi kwamba nacho kinafanya hivyo, hasa kinapopata kiu. Jani lake ni maji kwa kiasi cha asilimia 91, na hayo maji halitaki kumpa mtu. Sasa kiumbe bahili namna hii, anayefunga milango kutwa, ndiye wa kushitakiwa kwamba anamwaga maji nyumbani?

Ami alinisikiliza mpaka mwisho, kwa hilo namshukuru, kisha akasema, "Hayo ya usiku. Na maji unayotia wewe na kopo?"

Swali la haki. Nikapiga hesabu. Mimea yote 11, katika siku za kiangazi, inamaliza ndoo moja ya lita 10 kwa wiki mbili. Masika siipi hata tone. Sasa tazama upande wa pili: mvua ya milimita moja juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja, hii tulifundishwa skuli. Paa letu la mabati ni kiasi cha mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 50, nayo kwa masika ya Unguja ni mvua ya asubuhi moja, paa linakusanya lita 5,000. Lita hizo zinashuka wapi? Zinashuka kwenye mlizamu, na mlizamu wetu umekatika ubavuni tangu zamani, maji yanarukia ukuta wa kichochoroni. Ukuta huo ndio ukuta wa chumba cha shangazi.

Nikachukua penseli. Doa la ukutani nililizungushia mstari, nikaandika tarehe pembeni. Kila baada ya wiki nikazungushia tena. Ukiliangalia sasa limekuwa kama ramani ya kisiwa iliyochorwa na watu wasioelewana. Wiki nilizomwagilia vyungu bila ya mvua kunyesha, mstari haukusogea. Wiki za vuli, ilipomwaga siku tatu mfululizo, umevuka mstari kwa upana wa kiganja. Na jambo la pili ambalo hata mtoto angeliona: vyungu vimepangwa chini ya madirisha, upande wa magharibi, na doa liko ukuta wa mashariki. Baina yake kuna kitanda, kabati na mie.

Hoja ya tatu ni ya chumvi, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu haikunigharimu kitu. Chumvi nyeupe ya kula ina tabia moja: hewa ikiwa chini ya asilimia 75 ya unyevu inabaki kavu, ikipita hapo inaanza kuvuta maji na kuyeyuka yenyewe. Ndiyo maana vidude vyetu vya chumvi mezani tunatia punje za mchele. Usitumie chumvi ya mawe ya pwani kwa kazi hii, ina madini mengine yanayovuta maji mapema zaidi. Mwezi wa Septemba, siku za demani, nikakausha chumvi jikoni nikaigawa visahani vinne. Kimoja chumbani mwa shangazi pamoja na mimea. Kimoja chumba cha pili yake, ukuta ule ule wa zamani, hakina hata jani. Kimoja juu darini, penye kivuli. Kimoja chini, katika chumba ambacho ami alikipiga lipu ya simenti na rangi ya mafuta mwaka 2019, sasa ni ghala la mwenye duka.

Alfajiri visahani vyote vilikuwa na jasho. Kufika alasiri cha darini kimekauka, kimefanya ganda. Cha shangazi kimekauka. Cha chumba cha pili yake kimekauka, na sikuona tofauti baina yao, na mimea iliyomo. Cha ghala kilikuwa maji. Kesho yake maji. Siku ya nne mwenye duka akauliza nani anamwaga supu kwenye visahani.

"Chini ni chini," akasema ami. "Hata kaburi lina unyevu." Kweli tena, maana ukuta wa mawe unapanda maji kutoka ardhini kama utambi. Nikaongeza kisahani cha tano, katika stoo ya kuni iliyo chini vile vile, mkono wa kushoto wa mlango, ambayo haikuguswa na fundi tangu enzi za babu na lipu yake ya chokaa inapukutika mpaka unaona aibu. Alasiri chumvi ya stoo ilikuwa imekauka, bado na ubichi kwa chini, lakini imekauka. Ami hakusema kitu. Alikichukua kisahani akaonja, sijui kwa nini.

Kwa nini iwe hivyo? Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi, juu yake boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyetu vyote ni vyembamba, havipiti urefu wa boriti. Ukuta wa namna hii haukujengwa usilowe. Umejengwa ulowe na ukauke. Chokaa inakunywa na inatema. Saruji haitemi. Wazee wa Mamlaka ya Mji Mkongwe wamelisema hili miaka mingi, na watu wameendelea kununua mifuko ya simenti kwa sababu iko dukani leo, na chokaa nzuri inataka mtu achome matumbawe kwa magogo, aizimishe kwa maji, kisha aiache shimoni ikilowa miezi. Simenti ikishakaa juu ya ukuta laini inapasuka nyufa nyembamba usizoziona. Mvua inaingia katika ufa, na ikishaingia hakuna mlango wa kutokea, kwa hiyo inakwenda ndani, inachungulia upande wa kitandani na kuleta ungaunga mweupe wa chumvi. Kisha mwenye nyumba anaona doa ndani, anasema ni maua.

Mie haya yote nimeyajua kwa vyungu kabla sijayajua kwa kuta. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni ukuta wa chokaa. Ukikigusa asubuhi baada ya kumwagilia ni baridi na bichi kwa nje, maana maji yanatokea ubavuni. Kopo la plastiki ni simenti. Katika nchi kavu plastiki inaweza kufaa, huko maji ni ya kubania. Hapa kwetu kazi yote ya kutunza mimea hii ni kuyatafutia maji njia ya kutokea. Hewa ya Unguja huwezi kuikausha. Anayesema nunua mashine ya kukausha hewa hakuwepo hapa tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila umeme kisiwa kizima. Nilikuwa mtoto, nakumbuka mishumaa na foleni ya maji. Na mishubiri ya shangazi nayo ilikuwepo, haikujua kama umeme umekatika.

Kwa hiyo ninachofanya ni hiki. Udongo wa shamba natia sehemu moja tu. Sehemu mbili ni changarawe na vipande vya mkaa wa vifuu. Mchanga wa pwani nautumia ukishakaa nje na kunyeshewa masika nzima, chumvi itoke. Makumbi ya nazi, ambayo kila mtu anayasifu kwa maua, mimi siyatii. Yanashika maji kama mdeni anavyoshika ahadi. Tundu la chini naliziba kwa gae, na sahani ya chini nimeziondoa zote, maana sahani yenye maji chini ya chungu kweli inalowesha sakafu, hapo ami ana hoja. Vyungu havigusani, upepo upite baina yao. Madirisha nafungua alasiri hewa ikiwa kavu na nafunga mbao usiku ukiwa na umande, wala si kinyume chake. Maji ni asubuhi, udongoni, si majanini, tena baada ya kukinyanyua chungu na kukiona chepesi. Waridi la jangwa likipukutisha majani mwezi wa Juni siliamshi kwa maji. Limelala.

Mwaka juzi nilikwenda Pemba kwenye msiba, nikakaa mwezi. Binamu yangu mmoja, moyo wake mzuri mno, akajitolea kumwagilia. Kila jioni, kopo moja kila chungu. Nilivyorudi kito kimoja kilikuwa kimejilaza, vikonyo vya manjano, chini kumelainika na harufu kama ya dagaa waliosahauliwa. Viazi vyake vilikuwa uji. Simlaumu, mapenzi ya watu wengi ndivyo yalivyo, kila jioni kopo moja. Nikakata majani matatu yaliyokuwa bado magumu, mikato nikaipaka unga wa mdalasini, huo unazuia kuvu na kwetu hauna thamani ya kuulilia, nikayaacha mezani siku tano jeraha likauke, ndipo nikayachomeka kwenye mchanga mkavu. Jani moja la mmea huu linaweza kuzaa mmea mzima, lakini halina haraka. Miezi miwili kimya. Miezi minne kimya. Shangazi kila Jumapili: "Limechipua?" Mwezi wa saba nikalivuta moja polepole, na chini yake palikuwa na kiazi kidogo kama punje ya dengu na vizizi viwili. Nikampigia mimi, kwa pesa yangu, siku ya Jumanne. Alidhani kuna msiba.

Fundi wa ami alikuja wiki iliyopita. Nilimtarajia kijana na mifuko ya simenti, akaja mzee mwenye kanzu aliyoikunja kiunoni na nyundo moja. Shikamoo nilimpa mlangoni na chai nikamletea, si rushwa. Akagonga ukuta wa mashariki kwa kitako cha nyundo, huku sikio kalitega. Akashuka kichochoroni akagonga kwa nje. Akauliza lipu hii ya simenti ya nje kapiga nani. Ami akasema ya zamani. Mzee akatia patasi katika ufa, akabandua kipande kama ukubwa wa sahani ya wali, na nyuma yake jiwe lilikuwa jeusi, na maji yakashuka uzi mmoja mpaka kwenye kandambili zake. Ilikuwa siku ya tisa bila mvua.

Hakuna aliyesema neno juu ya maua. Walizungumza mlizamu, kwamba huo ufungwe kesho. Walizungumza bei ya chokaa, na ami akashika kichwa. Mzee akasema simenti ya nje itoke yote, ukuta ukae wazi ukauke miezi, upewe turubali masika, ndipo apige chokaa. Ami akauliza kama mpangaji anaweza kuingia huku ukuta unakauka. Mzee akamtazama tu.

Walipopanda tena chumbani, ami alisimama mbele ya vyungu akaviangalia kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu. Akagusa jani la kito kipya, lile lililochipua, akakuta limemng'ang'ania vumbi akalifuta kwa kidole. Halafu akaniambia kitanda na kabati vije katikati ya chumba, na vyungu visogee nusu hatua kuelekea dirishani, fundi apate pa kupitishia ngazi.